Guyo Amenipita kwa Mikono

Wazee wa hoteli, mnaosoma karatasi hii ukutani: leo nimepitwa na mtu ambaye miguu yake haitembei.

Ndiyo, mimi! Niliyefika Nanyuki kwa baiskeli. (Sawa, kidogo kwa lori.)

Mnajua mimi ndiye humbebea Mama Halima maziwa ya ngamia. Leo Guyo akatokea na baiskeli yake mpya ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono.

"Bwana mkubwa, tushindane?"

Nikacheka, nikakanyaga.

Kwenye mchanga wa lagha, ule mto mkavu, gurudumu langu likazama. Mimi huku, maziwa kule.

Guyo akapita pembeni, kwenye njia aliyoitoa mawe mwenyewe kwa kutambaa wiki nzima, huku mimi nikimcheka.

"Pole, dereva. Nikuitie punda?"

Mama Halima, aliyekuwa akija nyuma yetu kwa miguu, akasema: "Kesho maziwa yangu abebe Guyo."

Nina wivu, sikatai.

Kesho naenda na sururu tuifikishe ile njia sokoni. Msiniite mwema! Nataka tu aniachie ile baiskeli yake niiendeshe mara moja.

Mwenye sururu nyingine aandike jina hapa chini.