Mwezi wa Ami na Fungu la Mchanga

Nilikuwa nioe Alhamisi ya kwanza ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Ami, mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Boti ya mizigo iliyotutoa Mikindani ilikuwa yake, kwa hiyo hata hesabu ya maji ilikuwa yake.

Bandari ya kijiji cha mchumba wangu, karibu na mdomo wa Ruvuma, ina fungu la mchanga mlangoni. Boti hupita maji yakijaa tu, na saa ya kujaa huchelewa karibu saa moja kila siku. Ukijua mwezi umeandama lini, unajua saa ya kuingia.

Shida ilikuwa mwezi wenyewe. Redio ilisema haujaonekana. Ami akasema redio haina macho, akala Idi, na msikiti wake ukala naye. Kijiji cha mkwe wangu kilifunga siku moja zaidi.

Tulifika Alhamisi kunapambazuka. Mashina ya mikoko yalikuwa yamelowa juu ya maji.

"Ami, maji yanatoka."

"Yanaingia. Leo mwezi una siku tatu."

Kusema una siku mbili kungekuwa kukiri kwamba alikula biriani mchana wa Ramadhani. Akaongeza mwendo. Boti ikapanda fungu, ikakaa. Jua lilipochomoza tulikuwa tumelalia ubavu, wazee waliotusindikiza wameng'ang'ania kamba, mimi na joho langu.

Mkwe akatujia kwa miguu, msuli kaukunja magotini.

"Hamjambo, wenye mwezi! Leo siku ya ngapi?"

"Ya tatu," ami akajibu kutoka juu.

"Binti yangu anaolewa siku ya pili. Wa siku ya tatu simjui, pilau tutaila wenyewe." Akanigeukia. "Na wewe, baba, yako ya ngapi?"

Siku ya posa sikutoa neno, hata wakauliza kama mimi ni bubu. Nikamtazama ami. Akatazama mtambo.

"Ya pili," nikasema.

"Sema bahari isikie."

"Ya pili!"

Nikashuka nimeikunja kanzu mkononi. Nilioa nikiwa na tope miguuni.

Ami alikataa kushuka. Alasiri maji yalipomrudia, aliingia bandarini akipiga honi.

"Bahari ya kwenu ina haraka," akamwambia mkwe.

"Kula, bwana. Funga yako utailipa kesho."

Asubuhi ami alikataa chai, akasema tumbo linamsumbua. Mchana akakataa wali. Magharibi ilipoadhiniwa, tumbo likapona.