Leo nimeogopa hewa

Marafiki, mimi niliyefukuza fisi wa Yatta kwa fimbo, leo nimeogopa hewa!

Mjukuu wangu wa chuo kikuu anapiga hesabu ya uzito wa hewa kule juu setilaiti zinakopita. Ana jina la mama yangu, kwa hivyo namwita Mama; naye huniita Umau, yaani babu.

Asubuhi alikuja shambani amekunja uso.

"Umau, jua limechemsha ile hewa, imefura. Inapunguza mwendo wa setilaiti moja mbovu. Itaanguka leo."

"Wapi?"

"Hesabu yangu haifiki hapo. Pengine baharini, pengine hapa. Ingia ndani."

Nikacheka. "Mama, nifukuzwe kwenye mahindi yangu na hewa?"

Hakucheka. Alifungia mbuzi, akajifungia na yeye.

Bado niko huku nje, jicho moja kwenye mahindi, jingine angani. Tafadhali, mmoja wenu anipigie simu aseme ananitaka nyumbani kwake haraka, nisionekane nimekimbia hewa.