Asilimia Sitini ya Safari

Mwaka ule sheria ya dizeli ilipobadilika, Alwyn Tunnicliffe alikuwa na miaka sitini na minane, na boti yake ilikuwa haijatoka mahali pake tangu amzike mkewe. Ilikuwa boti ya chuma, ndefu kama behewa la treni na nyembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Iliitwa Lapwing, jina la ndege wa mashamba ya kwao. Ilifungwa kando ya mfereji, chini ya malisho ya ng'ombe, karibu na kijiji cha Hassall Green, Uingereza, na kamba zake zilikuwa zimeota ukungu wa kijani.

Kazi yake ya zamani ilikuwa kuchoma vyombo. Ujana na utu uzima wake ulipita Burslem, mbele ya tanuri za vikombe na sahani, hadi kiwanda kilipofungwa na kila mtu akapewa kiinua mgongo na kuambiwa ahsante. Mkewe, Beryl, alikuwa akipaka maua kwenye vikombe katika kiwanda kingine, kilichopakana na mfereji. Yeye ndiye aliyetaka boti. Alisema ameziangalia zikimpita dirishani tangu akiwa msichana, sasa ni zamu yake kupita. Wakauza nyumba. Ndugu zao walisema wawili hao wamechanganyikiwa, lakini nyumba ilikwisha kuuzwa.

Walizunguka miaka mingi. Beryl alishika usukani, Alwyn alishuka kufungua malango. Mfereji hauwezi kupanda kilima kama barabara; boti huingia katika birika la mawe, malango yakafungwa nyuma yake, maji yakajazwa, ikainuka hadi kimo cha maji ya juu. Birika moja likiisha linafuata jingine. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mtu mmoja anaiweza, lakini atapanda na kushuka, atafunga kamba na kuifungua, mithili ya mtu anayecheza bao na nafsi yake.

Beryl alianguka jioni moja ya Machi akimenya viazi, wala hospitali hakufika akiwa hai. Alwyn alikodi ile nafasi chini ya malisho, akafunga kamba, akasema atapumzika kidogo. Kidogo kile kikaota mizizi.

Watoto hawakujaliwa. Mwenye shamba alimsalimu kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani wa trekta. Mtu wa kumtembelea hasa alikuwa mmoja tu, Glenys Mottram, mama wa makamo aliyepita na boti yake kuuza dizeli, makaa ya mawe na mitungi ya gesi. Akipiga honi kwenye kona, Alwyn alikuwa tayari ameshabandika birika la chai. Glenys alikunywa akisimulia habari za mfereji mzima: nani kaachwa, nani kazamisha boti, nani kanunua mbwa asiyemweza. Yeye na Beryl walikuwa wameshibana kama ndugu, ndiyo maana Alwyn alimwita shemeji.

Mwezi wa Novemba Glenys alifika, akafunga kamba ubavuni mwa Lapwing, na badala ya kuingia akabaki amesimama nje.

"Shemeji, chai ngoja kwanza. Leo nimekuja kama serikali."

"Serikali gani hiyo imevaa kofia yenye tundu?"

"Hii hii unayoiona. Nisikilize, maana nimeshachoka kulieleza hili jambo tangu Middlewich."

Akaeleza. Hadi mwezi uliopita, dizeli ya boti ilitiwa rangi nyekundu na kutozwa kodi ndogo, sawa na ya matrekta. Sasa wakubwa wameamua kwamba mafuta ya kuisukuma boti yalipiwe kodi kamili, kama ya gari barabarani. Ya kupasha joto na kuchaji betri yabaki na kodi ile ndogo. Lakini tangi ni moja na bomba ni moja. Kwa hiyo mnunuzi atamke mwenyewe ni kiasi gani cha safari na kiasi gani cha joto, kisha atie sahihi.

"Na nani atajua kama nasema kweli?" Alwyn aliuliza.

"Mungu na wewe. Mimi sitaki kujua."

"Wenzangu wanasemaje?"

"Wengi wanasema sitini kwa arobaini, sitini ya safari. Naona ndiyo itakuwa desturi. Ila Roddy Sherratt, yule asiyetulia kama kuku anayetaka kutaga, kaniambia sifuri. Kaapa kabisa kwamba haendi popote. Na wakati anaapa, injini ilikuwa inanguruma na mkono uko kwenye usukani."

Alwyn akacheka. Glenys naye akacheka, akatoa kalamu nyuma ya sikio.

"Wewe huna shida, shemeji. Nikikuandikia sifuri hakuna malaika atakayenipinga. Nikuandikie?"

Alwyn alifungua mdomo aseme ndiyo. Aliangalia usukani wa shaba ambao Beryl alikuwa akiung'arisha kila Jumapili, na ambao sasa ulikuwa mweusi kama chuma cha kawaida.

"Andika sitini," alisema.

Glenys alimtazama. "Shemeji, utalipa kodi ya safari ambayo..." Akaandika.

Jioni ile Alwyn alikaa karibu na jiko akajiuliza amefanya nini. Msibani walimletea karatasi za kila aina, na zote alizitia sahihi bila kusita: ya daktari, ya kanisa, ya benki. Hii ya dizeli ndiyo iliyomshinda. Kusema sifuri ilikuwa sawa na kusema kwamba Lapwing si boti tena, ni chumba chenye unyevu, na kwamba safari waliyoianza wawili imeishia hapa, chini ya ng'ombe wa watu.

Majira ya baridi yaliingia. Mfereji uliganda ukingoni, kisha katikati. Kila Glenys alipokuja aliuliza, na Alwyn alijibu sitini, na hawakulizungumza zaidi ya hapo. Lakini chai yenyewe ilianza kuwa fupi. Glenys hakuwa na hadithi kama zamani.

"Kuna boti wakiniona nakuja wanashusha pazia," alimwambia siku moja, akipasha vidole kwenye kikombe. "Watu niliowazoea miaka yote. Zamani nilikuwa Glenys wa makaa. Sasa nawauliza wanaenda wapi na wanarudi lini, kama askari wa mpakani."

"Wataizoea."

"Labda. Au watanunua kwingine."

Siku hiyo hiyo Roddy Sherratt alikuwa amekuja kwa miguu kununua mtungi wa gesi, akasikia Alwyn akisema sitini. Wiki iliyofuata, penye bomba la maji ambapo watu wa boti hukutana kujaza matangi, alimngoja hadi watu wakawa wengi.

"Mzee Alwyn," alisema, "nimesikia unasafiri sana siku hizi. Umefika wapi? Manchester?"

"Niko njiani," Alwyn alijibu.

"Jamani, huyu ndiye Mwingereza pekee anayelipa kodi ya ndoto. Akilala usingizi mzito, Malkia anatuma ankara."

Watu wakacheka, na Alwyn akacheka nao, maana asingecheka ingekuwa mbaya zaidi. Tangu hapo akawa anakwenda bombani alfajiri, wakati hakuna mtu. Kwa hiyo hata zile salamu chache za bombani zikakatika, akabakiwa na redio na yule mkulima wa kidole kimoja.

Mwezi wa Aprili Glenys alikuja tena. Aliposikia sitini, aliirudisha kalamu nyuma ya sikio.

"Hii siandiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka. Roddy ananidanganya ili apunguze, na uongo wake nauelewa, ni ubahili tu. Wako unaniumiza. Kila nikiondoka hapa naondoka na uzito. Beryl angekuona hivi..."

"Usimtaje."

Bata wawili walipita kati ya boti zao mbili.

"Haya, simtaji," Glenys alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nakuuliza mimi mwenyewe, shemeji. Hii boti inakwenda au haiendi?"

Alwyn alizitazama kamba zilizoota ukungu.

"Jaza tangi," alisema. "Andika sitini. Ukirudi hutanikuta."

Alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. Glenys hakumbishia. Alijaza, akaandika, akamshika bega kidogo alipokuwa akiondoka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya maziko.

Kamba moja ilikataa kufunguka, ikabidi aikate kwa kisu cha jikoni. Injini ilikohoa moshi mweusi, ikakubali. Kutoka pale hadi Kidsgrove ni mlima wa malango, moja juu ya jingine, na Alwyn aliupanda kwa siku mbili. Magoti yalimuuma. Mikono aliyodhani bado ni ya mtu wa tanuri ilitoka malengelenge. Kwenye lango mojawapo alishuka kwenda kufungua maji, na kamba ikamponyoka. Akabaki amesimama ukingoni akiitazama nyumba yake ikielea polepole kwenda upande wa pili, mlango wazi, redio ikitangaza hali ya hewa. Hakuna la kufanya ila kungoja. Alikaa kwenye nyasi hadi upepo ulipoirudisha. Hapakuwa na mtu wa kumcheka, na hilo lilimuuma kuliko kuchekwa.

Kidsgrove maji ya mfereji ni mekundu kwa kutu ya chuma, na hapo kuna handaki lililochimbwa tumboni mwa kilima, refu, jembamba, la giza. Mlinzi wa handaki alizunguka Lapwing akikagua.

"Mko wangapi ndani?"

"Mmoja."

"Peke yako, mzee wangu?"

"Peke yangu."

"Taa iko sawa. Piga honi niisikie. Haya. Ukipata tatizo, usitoke kwenye boti hata iweje. Katikati paa linashuka, chunga kichwa."

Alwyn aliingia. Alisimama upande mmoja wa usukani, kama alivyokuwa akisimama siku zote humo ndani, akiacha nafasi ya mtu wa pili. Beryl alikuwa akiliogopa handaki hili. Badala ya kukiri, alizoea kupiga soga kwa sauti kubwa tangu mwanzo hadi mwisho: bei ya siagi, miguu ya dada yake, mapazia. Sasa ilisikika injini tu, ikigonga kuta na kurudi. Matone ya baridi yalimwingia shingoni. Paa lilipoanza kushuka, Alwyn alisema kwa sauti, "Inama."

Aliinama mwenyewe. Kisha akalia, akiwa na mkono mmoja kwenye usukani, kwa sababu handakini huwezi kusimamisha boti ili ulie. Alikuwa bado analia mwanga wa upande wa pili ulipoonekana, mdogo kama sarafu.

Nje kulikuwa na mvua. Kesho yake alipita chini ya ukuta wa kile kiwanda cha maua ya vikombe. Madirisha ya ghorofa ya juu yalikuwa yamepigiwa mbao. Alipunguza mwendo. Hakuwa amepanga kufanya lolote, lakini alivua kofia, akaishika kifuani hadi ukuta ulipokwisha.

Hakugeuza. Alishuka malango ya Stoke, akapita Barlaston, akafika mji wa Stone mafuta yakiwa yamepungua sana. Kwenye karakana ya boti alihudumiwa na mtu asiyeinua macho kutoka kwenye pampu.

"Safari na joto, ngapi kwa ngapi?"

"Sitini kwa arobaini."

"Kama wote," yule mtu alisema, akampa kalamu.

Ilikuwa kweli, kwa mara ya kwanza, na hapakuwa na mtu wa kulitambua hilo. Alwyn alitaka kumwambia, akaona hana pa kuanzia. Alirudi kwenye boti, akampigia Glenys simu. Iliita hadi ikakata. Sehemu nyingi za mfereji simu hazishiki. Sauti ya mashine ilimtaka aache ujumbe.

"Ni mimi Alwyn," alisema. "Niko Stone." Kisha akakata.

Glenys alipiga kesho yake mchana.

"Stone, shemeji? Ulipita handaki peke yako?"

"Nilipita."

"Mimi sivuki handaki, unajua hilo. Upande huo makaa yana muuzaji mwingine."

"Najua."

"Utarudi?"

"Ile nafasi nimemrudishia mwenye shamba. Sidhani."

Alwyn alisikia injini ya Glenys nyuma ya sauti yake, na kunguru.

"Basi nimepoteza chai yangu," Glenys alisema.

"Roddy atakupa."

"Roddy? Hata sukari hana yule."

Wakacheka wote wawili, kisha Glenys akasema amefika langoni na hana mkono wa tatu, akaaga.

Tangu hapo Alwyn hakukodi tena mahali. Alilala siku chache hapa, siku chache pale, akishuka kusini kadiri siku zilivyokuwa ndefu. Mikono yake ilipata sugu, na malango hayakumshinda tena. Glenys alipiga simu mara kwa mara mwanzoni, baadaye hasa wakati wa Krismasi. Huko alikopita Alwyn hapakuwa na aliyemjua Beryl, wala aliyemwita shemeji. Watu waliotembeza mbwa ukingoni walimwambia habari za asubuhi, naye akawajibu nzuri, na boti ikapita.