Mama na Neno "Manage"

Mama yangu hakujua Kiingereza, ila neno moja tu: manage. Alilipata kwa baba, aliyekuwa meneja wa kisima cha mradi huko Kathonzweni. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua mfereji asubuhi na kuufunga jioni, lakini watu walimwita meneja, na mama alipenda kuitwa bibi wa meneja. Kwake, manage ilikuwa kuweza, kushinda. Nikitoka kwenye mtihani aliniuliza, "Umemanage?" Ng'ombe akizaa salama, amemanage. Hata kanisani, akitoa ushuhuda kwa Kikamba, neno hilo lilichomoza katikati: Mungu amemanage.

Sisi wengine tulikuwa na maana nyingine. Mvua ikikosa na mtu akikuuliza habari za nyumbani, unajibu "tunamanage tu," naye anaelewa kwamba sufuria ni tupu.

Mwaka juzi chakula kilianza kumkwama mama kooni. Kwanza muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, kisha ugali, mwishowe hata chai aliimeza akiwa ameshika kifua. Nilifunga duka langu la vitambaa pale Matiliku nikampeleka hospitali. Walimpima, wakatuambia turudi majibu yakitoka.

Siku ya majibu, daktari alikuwa msichana mpole. Alituambia ni saratani ya koo, na kwamba imeshafika kwenye ini. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, hapa ilipofika, sisi tutamanage tu."

Mama akamshika mkono. "Asante, daktari. Mkimanage, Mungu awabariki."

Daktari akanitazama, kisha akajaribu tena. "Tutamanage uchungu, mama, usiteseke."

Mama aliitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa umefunguka kuliko nilivyouona kwa miezi mingi.

Nyumbani alimweleza kila aliyepita njiani kwamba daktari ameahidi kumanage. Kesho yake jioni akina mama wa kanisa walikuja wakaimba uani, na mama akacheza nao kidogo, mkono kiunoni. Baba aliniita nyuma ya zizi.

"Ni kweli?"

Nilimweleza daktari alikuwa na maana gani. Aliutazama ukuta wa zizi.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Asubuhi nilimkuta mama akipepeta ndengu. Nikaketi karibu naye.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu, "daktari hakusema utapona. Alisema watapunguza uchungu tu."

Aliendelea kupepeta. "Alisema watamanage."

"Ndiyo. Lakini ni vile tunasema wakati wa kiangazi."

Mikono yake ilisimama. Aliuweka ungo chini polepole ndengu zisimwagike.

"Vile hakuna kitu."

"Ndiyo, mwaitu."

Kuku walisogea kwenye ungo na hakuwafukuza. Baadaye akauliza, "Hawa walioimba jana wanajua?"

"Hawajui."

"Usiwaambie. Wataanza kunililia mapema."

Tangu siku hiyo sikumsikia tena akilitamka neno lile. Akina mama walipokuja na uji kumuuliza kama amemanage kunywa, aliwaitikia kwa macho tu. Dawa ya uchungu ilimsaidia mwanzoni. Halafu ikawa inachukua muda mrefu kufanya kazi na muda mfupi kuisha. Nilimlisha uji kwa kijiko, kisha maji kwa pamba iliyoloweshwa. Alipungua hadi leso yake ikawa inamzunguka mara mbili. Baba alikuwa akikaa mlangoni, haingii wala haondoki. Nilikuwa nimetumaini kwamba ukweli ungempa mama nafasi ya kusema jambo fulani, kutuaga labda, au kuuliza habari za shamba. Hakusema lolote. Aligeukia ukuta, na akabaki hivyo.

Alifariki mchana, mimi nikiwa nimekwenda kuchota maji. Tulimzika kwenye vumbi. Mvua ya vuli ilinyesha kidogo, tukapanda mbegu za ndengu alizoacha, zikachanua, kisha jua likazikausha na maua yake.

Baba sasa anaishi peke yake. Nikimpigia simu kumuuliza kama amekula, anasema amekula. Jirani yake huniambia jikoni hakujawashwa moto.