Vibao vya Bastola ya Marehemu

Mimi ni mtu wa kulamba mbao. Nasema mapema kwa sababu nisiposema mimi watasema wengine. Nimefanya useremala tangu sina ndevu mpaka ndevu zimekuwa nyeupe, na shule yangu iliishia darasa la pili, lakini ukinipa kipande cha mti nitakikwaruza kwa kucha, nitakinusa, nitakilamba, kisha nitakuambia huu mninga, ambao Wareno wanauita umbila, au huu mkongo, au huu mpingo. Mwaka mmoja nilipelekwa kisiwani Vamizi kutengeneza vitanda vya wageni, nikalamba mguu wa meza ya watu, mama mmoja wa Kizungu akanionea huruma akaniletea mkate. Niliula. Ningeukataa kwa nini?

Basi sifa hiyo ndiyo iliyomleta shemeji nyumbani kwangu. Namwita shemeji kwa ajili ya marehemu mumewe, tuliyekua naye mtaa mmoja. Alikuja na mfuko wa unga wa muhogo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa vibao viwili vyembamba, urefu wa kidole cha kati, kila kimoja kina tundu la skrubu. Ni vile vinavyobanwa pande mbili za mpini wa bastola, ili mkono ushike mti usishike chuma. Siku hizi za waasi huku kwetu, kabla hujataja bastola unatazama kwanza nani amekaa nyuma yako. Nikatazama. Alikuwa kuku.

Mumewe alikuwa msituni na wapiganaji, wakati wa kumtoa Mreno. Vita vilipokwisha alirudisha bastola serikalini kama walivyoagizwa, ila kwanza alifungua skrubu akabaki na vibao. Chuma chao, mti wangu, ndivyo alivyokuwa akisema.

Shida ya shemeji ilikuwa jina. Wilayani walikuwa wanaandika orodha ya wapiganaji wa zamani, walio hai na waliokufa, isomwe mbele ya watu siku ya mashujaa, na jina la mumewe halikuwamo. Wenzake wa msituni wote wamekwisha. Karatasi zake ziliungua na nyumba, mwaka ule waasi walipoingia mjini tukakimbia, na vibao vilipona kwa sababu shemeji alikimbia na unga. Kijana wa ofisi ya utamaduni alimwambia hivi: mti ukiwa wa Ulaya, basi kweli vimetoka kwenye silaha ya ofisa wa Kireno, na jina litaingia. Ukiwa mti wa hapa, mtu yeyote angeweza kuvichonga uani kwake. Alete karatasi ya fundi.

"Mtaani wanasema mume wangu alikaa vita vyote Mtwara akiuza kanga," akaniambia. "Wewe sema ukweli wako, shemeji. Lakini useme vizuri."

Nikavichukua. Siku ya kwanza nililamba nikapata unga wa muhogo. Nikavifuta, nikalamba tena, nikapata mafuta ya bunduki na jasho la mkono wa mtu. Harufu ya mti hakuna, imekwisha kunywewa na mafuta. Rangi kahawia, karibu na weusi. Nikavitia majini vikaelea, kwa hiyo mpingo si, maana mpingo huzama kama jiwe. Nikachukua patasi nikabandua kijisehemu kwa nyuma, pasipoonekana. Mninga si, mkongo si, mvule si. Nilipita miti yote kichwani, kuanzia pwani mpaka Pundanhar kule ambako barabara huvunja watu viuno, sikuupata.

Sasa ona akili ya mtu aliyesifiwa sana. Nikasema, mti nisioujua mimi haupo nchi hii. Kama haupo nchi hii, ni wa Ulaya. Zamani bwana wangu wa karakana, Mreno, alikuwa akitaja nogueira, mti wa kwao unaotengenezewa bunduki. Sijauona hata siku moja. Nikaandikiwa karatasi kwamba hii ni nogueira, nikatia sahihi yangu, ambayo hunichukua muda. Kijana wa ofisi akapiga muhuri, akaniita mestre, yaani fundi mkuu, akakiweka kibao kimoja kwenye kabati la kioo. Cha pili akanipa nimrudishie mwenyewe.

Kabla sijamrudishia, mke wangu alifagia karakana akapeleka takataka jikoni, kama kawaida yake. Wiki ile nzima nilikuwa napiga randa mninga mtupu. Mara nasikia anakohoa.

"Mzee, si nilikukataza mkorosho kwenye moto wangu wa chai?"

Nikamwambia hakuna mkorosho hapo, ni mninga. Akachokoa majivu, akanitolea kile kijisehemu nilichobandua kwenye kibao, kimeungua nusu, alama ya patasi yangu bado ipo.

"Na huu? Miaka yote hii moshi wake unanikata koo, nisiujue?"

Nikaenda kwenye rundo la kuni, nikapasua kipande, nikakiweka karibu na kibao. Ndugu zangu, mkorosho. Korosho zake tunatafuna, mabibo tunafyonza, kuni tunachoma. Nimelamba miti ya nchi nzima, sikuwahi kulamba kuni.

Nikaenda kwa shemeji nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha. Baadaye ndipo akasema mumewe alikuwa mpishi wa kambi, tangu kuingia mpaka kutoka. Mkuu wao aliteka bastola ya ofisa, vibao vyake vimevunjika, yeye akachonga vingine kwa kisu cha jikoni. Mkuu alipokufa bastola ikabaki mikononi mwake.

"Kwa hiyo ulijua si vya Ulaya," nikasema.

"Nilijua kachonga yeye. Mti gani, hiyo ndiyo kazi yako."

Nikamshauri tukaseme kweli, maana mpishi naye ni mpiganaji, nani amepigana bila kula? Akafikiri, akajifunga kanga, tukaenda. Kijana wa ofisi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Alisema orodha haina mahali pa wapishi. Alisema pia muhuri ukishapigwa, kuutoa ni barua mpaka mkoani, na wakianza kuchunguza watalitoa na jina.

"Mestre, mkorosho upo hata nyuma ya choo chetu," akasema. "Nani atakuja kuutazama kwenye kioo?"

Shemeji akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwepo kweli alivyoingizwa kwa mti ambao haukuwepo.

Siku ya mashujaa jina lilisomwa, la ishirini na kitu, kwa sauti ya kipaza sauti iliyokuwa inakatika, lakini pale halikukatika. Watu wakapiga makofi, na wale wa habari ya kanga nao wakapiga. Shemeji hakupiga. Alikaa wima kama mtu anayepimwa nguo, kisha akaniinamia.

"Hakupiga hata risasi moja," akasema. "Lakini hakuna aliyelala na njaa."

Nikamwuliza, je, habari hii naweza kuiandika, hata kwa mkono wa mtu mwingine.

"Andika," akasema. "Andika kwamba alipika. Jina wameshalisoma, hawawezi kulirudisha mdomoni."