Kitambaa cha Goti

Nikikunja nguo za marehemu mama, nimekuta kitambaa kinachonuka mafuta ya nyonyo.

Nilikuwa mdogo alipoteleza na mzigo wa kuni, gegedu la goti likachanika. Zahanati walisema apumzike. Bibi alilikanda goti kwa mafuta hayo, akalifunga kitambaa hicho.

Baragumu la msaragambo likalia, kazi ya pamoja: kijiji kizima kuzoa tope la ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Asiyezoa hapati maji. Mama aliteremka mlima kwa makalio, mguu ameunyoosha.

“Rudi nyumbani, mama,” mwenyekiti alisema. “Zamu yako ya maji tutampa mwingine.”

“Kwani tope linazolewa kwa magoti, ndugu mwenyekiti?”

Akaketi topeni, akazoa. Mahindi yetu yalipata maji.

Shangazi ananiambia nikichome hiki kitambaa. Sikichomi.