Mjane Kwenye Usukani

Juzi hapa Kibiti nilikwenda kumjulia hali mwanamke mwenzangu, jirani aliyefiwa na mumewe. Bado yumo kwenye eda, hatoki nyumbani. Nikamkuta uani, kwenye usukani wa pikapu ya marehemu, kajitanda mtandio, injini inanguruma na geti kaliacha wazi moshi utoke. Wifi yake, dada wa marehemu, kashika kiuno.

"Wifi, unakwenda wapi na eda yako? Watu watasemaje?"

"Siendi popote. Gari lisipowashwa betri inakufa, na tairi zikisimama pale pale zinaharibika. Nasogea hadi pale kisimani, humu humu uani, narudi."

"Si ungengoja eda iishe?"

"Eda ni yangu mimi. Gari halikuolewa. Nikimaliza nikalikuta bovu, wanao hawa, watoto wa kaka yako, watakula nini?"

Wifi akaibonyeza kwa kidole gumba tairi ya nyuma iliyopungua upepo, akasimama pembeni, akaanza kupunga mkono: "Rudi. Rudi tena. Hapo."

Siku ya msiba tulijaa ua ule, tukala ubwabwa, tukaahidi kusaidia. Sasa mwenye kutaka kumsema mama yule, aje kwanza na pampu ya tairi.